Wiki Tuliyochechemea Darasa la Pili

Ninyi mnaofundisha siku hizi kule Kicukiro na Batsinda mna vitabu vyenye picha za watoto wa kila aina. Mna semina, na shule nyingine zina njia za mteremko za kupitishia viti vya magurudumu. Nawaonea wivu, na sioni haya kusema hivyo. Mimi nilipompokea mtoto wa kwanza mwenye ulemavu darasani kwangu nilikuwa na chaki, sauti kubwa, na ujinga wa kunitosha mimi na kubaki. Kwa hiyo msinisikilize kama mtaalamu. Nisikilizeni kama mtu aliyekosea mbele ya watoto arobaini na kitu, wote wakiwa macho.

Ilikuwa mwaka 1992, wiki ya pili baada ya Idi, mvua za itumba, masika yetu, zikinyesha kila siku. Nilikuwa nafundisha darasa la pili katika shule ndogo ya wazazi pale Biryogo, vyumba vinne chini ya bati moja. Masomo yalikuwa kwa Kinyarwanda, lakini Biryogo mnaijua: watoto walisoma kwa Kinyarwanda, wakagombana kwa Kiswahili, wakasingiziana kwa lugha zote mbili. Darasa langu lilikuwa na mlango wa mbele wenye ngazi tatu za saruji nyekundu, na mlango mdogo wa nyuma ulioelekea chooni.

Alhamisi moja akaja Issa, fundi wa viatu aliyekuwa akishona kandambili za matairi karibu na msikiti, akamleta binti yake Zaina. Zaina alikuwa na miaka tisa. Polio ilimkamata mguu wa kushoto akiwa mdogo, akatembea kwa magongo mawili ambayo baba yake alimchongea mwenyewe, akayavalisha chini vipande vya tairi la lori.

"Mwarimu Hadija," Issa akaniambia, "huyu hana shida. Anasema sana tu."

Nilicheka, nikasema hilo tutalirekebisha. Siku zilizofuata niliyakumbuka sana maneno yale, na sikuwa nacheka.

Jumapili nzima nilijitayarisha. Nilitaka Jumatatu niwafundishe watoto wamkubali mwenzao, na nikaandika somo zima kwenye daftari, na kichwa cha habari nikakipigia mstari kwa wino mwekundu. Asubuhi nikamsimamisha Zaina mbele ya darasa, kando ya ramani. Hilo ni kosa la kwanza, liandikeni. Mtoto ukimsimamisha kando ya ramani anakuwa kitu cha kutazamwa kama ramani.

"Watoto," nikasema, "huyu ni Zaina. Mguu wake ulipatwa na polio zamani. Ulemavu wake hauambukizi."

Mtoto mmoja wa mbele, Shakuru, akanyanyua mkono. Shakuru alikuwa mtoto wa mwanamke aliyeuza vitenge Nyamirambo, na kuuliza maswali alikurithi kwa mama.

"Mwarimu, kuambukiza ni nini?"

Nikaeleza. Nikataja mafua, nikataja choa za kichwani, nikataja chawa, na kwa kuwa nilipenda kufundisha kikamilifu nikataja na upele. Watoto wakageuka wote kumtazama Zaina kwa macho ambayo dakika tano kabla hawakuwa nayo.

Zaina akanyanyua mkono wake. "Mwarimu..."

"Subiri, Zaina, ninafundisha."

Nikawapanga mstari, kila mmoja apite amshike mkono. Wakampa mkono kama watu wanaopewa dawa chungu. Zaina akanyanyua tena mkono ule wa kushikwashikwa. "Mwarimu, nataka kusema kuhusu..."

"Kimya, binti yangu. Utasema baadaye." Na ili kuonyesha kwamba mimi siogopi, nikachukua magongo yake, nikayatia makwapani, nikazunguka nayo darasa zima. "Mmeona? Mwalimu ameyashika. Mwalimu amekuwaje? Hakuna kitu!"

"Hakuna kitu, Mwarimu!" wakajibu kwa pamoja.

Jumanne asubuhi, nikiwa na viatu vyangu vya ngozi na mkoba mkononi, nilikanyaga ngazi ya juu ya mlango wa mbele, miguu yote miwili ikaenda mbele bila mimi. Nilishuka ngazi zote tatu kwa makalio. Kifundo cha mguu kikateguka, mguu wa kushoto. Nasisitiza kushoto kwa sababu watoto walisisitiza.

Kwenye zahanati walinifunga bandeji, wakaniazima gongo. Jumatano nikarudi kazini, maana mwalimu wa kushika darasa langu hakuwepo. Niliingia kwa mlango wa nyuma kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na njia, tiki, tiki, tiki, gongo langu kwenye saruji, na darasa zima likanyamaza kimya ambacho sikuwahi kukipata kwa fimbo wala kwa maombi. Zaina peke yake ndiye aliyetabasamu.

Shakuru akasimama. Alikuwa na huruma usoni.

"Mwarimu," akasema taratibu, "ile jambo... iko naambukiza."

Nikaeleza kuteleza. Nikachora mguu ubaoni, nikachora ngazi. Nikisema "niliteleza", wao wananitazama kama anavyotazamwa mgonjwa anayesema hana homa. Mchana wakati wa mapumziko, benchi la Zaina lilikuwa na mtu mmoja, Zaina.

Jirani yangu darasa la tatu alikuwa Mwalimu Perpetua, mama mtu mzima, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, ambaye alifundisha mpaka akawafundisha watoto wa wanafunzi wake. Nilimwendea nikichechemea nimweleze. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta machozi, akaniuliza:

"Hadija sha, nani alikuambia watoto wale walikuwa wanaogopa kuambukizwa?"

Nikafikiri. "Hakuna."

"Basi uliwaletea wewe. Ungeingia ukasema mguu wa Zaina hauumi watu, wangeanza kuuogopa usiwaume. Mtoto humwambii kitu ambacho hakipo. Unamwambia kilichopo, unaendelea na hesabu."

Hilo liandikeni pia, na mlipigie mstari. Mimi nimelitumia miaka yote iliyofuata. Lakini siku ile nilikuwa nimeshachelewa, kwa sababu diregiteri, mkuu wa shule, alikuwa ameshasikia habari.

Diregiteri wetu alikuwa mtu mwenye heshima zake, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa, na mwendo wa kama anafuatwa na bendi. Aliamini kwamba tatizo lilikuwa kiwango cha maelezo. Alhamisi akaja darasani, kwa mlango wa nyuma akitokea bustanini, akawaeleza watoto wa miaka minane kwa nusu saa habari za virusi, neva na misuli, nusu kwa Kifaransa. Wakatulia. Naapa walitulia. Akamaliza kwa kumshika Zaina kichwani kama anambariki, akasema, "Sayansi haidanganyi," akatoka kwa mlango wa mbele.

Tulisikia mlio, halafu kofia yake ikapita dirishani.

Mzee Karoli, aliyekuwa mfagizi na mlinzi na mpiga kengele, alimnyanyua. Goti. Mguu upi? Wa kushoto! Nilimwomba Mungu uwe wa kulia, hakunisikiliza. Zaina akanyanyua mkono wakati ule pia, nami nilikuwa nimeshughulika kuwarudisha watoto kwenye mabenchi, nikamwambia, "Sasa hivi hapana, Zaina, jamani, huoni?"

Ijumaa nilikuta watoto kumi na saba. Waliofika walikuwa wamekingwa. Mmoja alikuwa na vitunguu saumu mfukoni, mwingine amefungwa hirizi mkononi. Binti wa familia ya Kikristo alinyunyiziwa maji ya baraka mpaka daftari likalowa, na Shakuru alivaa soksi tatu mguu wa kushoto na wa kulia pekupeku kama siku zote. Nilimuuliza sababu. Akasema mama yake ameona ugonjwa unachagua upande.

Nataka mwelewe kwamba mimi leo nacheka, lakini Ijumaa ile sikucheka. Issa alikuja kumchukua binti yake mapema. Hakugombana. Aliniambia tu, "Mwarimu, shule mbili zilishamkataa kwa mdomo. Hii ya kwenu itakuwa ya kwanza kumkataa kwa mkutano." Maana wazazi walikuwa wameitisha mkutano Jumamosi, na jambo lilikuwa moja.

Jumamosi mvua ikatupa nafasi. Tulitoa mabenchi nje tukayapanga uwanjani, mbele ya zile ngazi tatu. Diregiteri alikaa kwenye kiti, goti limenyooshwa juu ya kiti kingine. Mimi nikakaa na gongo langu. Zaina alikaa mwishoni kabisa na baba yake, na magongo yake mawili. Mtu aliyepita barabarani angedhani ni foleni ya hospitali.

Mama Shakuru akasimama. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya sokoni, kitenge kipya na viatu vya ngozi vya kutokea.

"Mimi sina chuki na mtoto wa mtu," akasema. "Mtoto ni wa Mungu. Lakini mimi naona kwa macho. Jumatatu mwarimu ameshika magongo. Jumanne mwarimu ameanguka. Alhamisi diregiteri ameshika kichwa ya mtoto, saa ile ile ameanguka. Mnataka mimi nipeleke mtoto yangu ashike nini?"

Wazazi wakavuma. Diregiteri akasema neno "neva" wakamvumia zaidi. Mimi nikasema ngazi zilikuwa na utelezi. Seremala mmoja akauliza kwa nini basi watoto wanapita hapo hapo kila siku na hakuna aliyeanguka. Nilikuwa nimeshajiuliza hivyo mwenyewe, na niwaambie ukweli ambao sijawaambia wengi: Ijumaa jioni nilikuwa nimeusugua mguu wangu kwa kitunguu saumu.

Ndipo Zaina akanyanyua mkono.

"Mtoto hasemi kwenye mkutano ya wazazi," akasema diregiteri.

Nilikuwa karibu kusema vile vile. Mdomo ulishafunguka. Lakini niliuona ule mkono juu, nikakumbuka nimeuona Jumatatu mara mbili, na Alhamisi tena, na sikumbuki hata mara moja kuuliza ulitaka nini. Nikasema, "Aseme."

Zaina akasimama kwa magongo yake. "Ile ngazi ya juu iko nateleza," akasema. "Mzee Karoli anaipaka kitu. Mimi Jumatatu asubuhi gongo yangu ilitaka kukimbia, nikaenda kupita mlango ya nyuma. Nilitaka kusema. Mwarimu akaniambia ninyamaze, ati anafundisha juu yangu."

Nimesemwa maishani na wakaguzi, na wazazi, na marehemu mume wangu. Hakuna aliyenisema kama mtoto yule, na hakuwa hata amekasirika.

Mzee Karoli akaitwa. Akaja na kofia mkononi. Sasa, ile nta nyekundu ya kung'arisha sakafu sisi tuliijua kwa jina lake la Kifaransa, sire, na mdomoni mwa Mzee Karoli ilitoka vingine.

"Yego," akasema, "ni mimi. Tangu Jumatatu, kila asubuhi, ninaweka siri kwenye ngazi."

Watu wakashika vichwa. "Mana yanjye!" akapiga kelele mama mmoja. "Ameweka siri!"

"Siri gani?" akanguruma seremala.

"Siri nyekundu," akajibu Mzee Karoli, akishangaa. "Diregiteri ndiye alinituma."

Nadhani mkutano ule ungeishia kwa polisi kama Issa hangeinuka kwenda stoo akarudi na kopo lenyewe. Wakalipitisha mkono kwa mkono, wakalinusa. Diregiteri akakiri, akitazama goti lake, kwamba aliagiza ngazi zing'arishwe kwa sababu mkaguzi alitarajiwa. Mkaguzi huyo, niwaambie hapa hapa msije mkamngoja, hakuja kamwe.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Hamuwajui wazazi. Seremala akasema nta ni nta, yeye anaipaka kwenye meza kila siku na hajawahi kuanguka. Zaina akamwambia, "Mzee, usipite hapo katikati." Seremala akapita katikati. Akatua uwanjani akiwa amekaa, ameshangaa, kofia bado kichwani. Baba mwingine akasema huyo hajui kutembea, akaenda yeye. Akateleza, akamshika wa nyuma yake, wakashuka wawili. Wazee watatu wenye familia wakawa chini, na wa nne amesimama kwenye mstari akingoja zamu yake ya kuhakikisha.

Mama Shakuru hakupiga kelele. Alikuwa anatazama miguu. Akawatazama walioanguka, akanitazama mimi, akamtazama diregiteri. Kisha akavua viatu vyake vya ngozi, akavishika mkononi, akapanda zile ngazi pekupeku, akasimama juu, akashuka, akapanda tena. Hakutikisika.

"Watoto yetu hawana viatu," akasema. "Ndio maana." Akageuka kwa Zaina. "Na wewe?"

Zaina akanyanyua gongo moja akamwonyesha kipande cha tairi. "Baba aliniwekea. Lakini hata hii haipendi siri."

Mama Shakuru akakaa kwenye ngazi, viatu mapajani. Halafu akamwambia Issa, "Baba Zaina, unisamehe," akamwuliza kama anaweza kuwekea viatu vile soli ya tairi. Issa akasema anaweza. Mkutano ukafungwa hivyo, bila azimio lolote, na Mzee Karoli akapewa majivu na brashi akasugue.

Jumatatu watoto wote walirudi, na hapo ndipo kazi yangu ilipoharibika kwa upande wa pili. Kila mtoto alitaka magongo. Walikata matawi ya mikaratusi, uwanja mzima ukawa unachechemea, na mama mmoja aliyepita akanijia mbio akisema ugonjwa umerudi. Zaina alikuwa mwalimu mkali kuliko sisi wote. Alinifundisha na mimi, mbele ya darasa: kupanda ngazi, mguu mzima unatangulia, kushuka, gongo linatangulia na mguu mbovu. "Mwarimu, si hivyo! Anza tena!" Nikaanza tena. Watoto walifurahi kuona kuna mtu wa kuniambia nianze tena. Kama mtachukua kitu kimoja tu kwangu, chukueni hiki: mtafutieni mtoto yule jambo analolijua kuliko ninyi, kisha mjifunze kwake kweli, si kwa kuigiza. Watoto wanajua ukiigiza.

Mwezi haukuisha, Mama Shakuru akaja tena mlangoni kwangu, kitambaa kichwani, uso wa malalamiko. Nikajua tumerudi kule kule.

"Mwarimu, yule Zaina amemfukuza Shakuru kwenye benchi. Mtoto analia, hali chakula. Nakuomba useme naye amrudishe."

Nikamwita Zaina. Akasema Shakuru anamchungulia kwenye hesabu, tena ana makamasi. Nikamwomba afikirie. Akafikiria siku mbili nzima, akamrudisha kwa masharti.

Yaliyokuja Aprili ya 1994 mnayajua, na wengi wenu mnayajua kwa majina ya nyumbani kwenu. Sitayasimulia hapa. Nitasema tu kwamba shule ilipofunguliwa tena mwishoni mwa mwaka ule, Perpetua hakurudi, wala Mzee Karoli, na sikuita majina kwenye daftari la zamani kwa sababu sikuweza. Walimu tulikuwa wachache, tukachanganya madarasa. Watoto walikuwa wageni watupu, wengine wametoka Kampala, wengine Bukoba, wengine Goma. Hawakuwa na lugha moja ya kunisikilizia ila Kiswahili, na kila mmoja cha kwao.

Siku ya tatu nilisikia magongo nje. Zaina aliingia peke yake, amerefuka, amekonda, baba yake amebaki langoni. Alikuwa na miaka kumi na moja. Tulitazamana, na sote wawili tukaamua kutolia mbele ya wageni.

Darasa likageuka. Mvulana mmoja wa Kampala akamnyooshea kidole. "Mguu yako imefanya nini?"

Wote wakaningoja mimi, mwalimu, nieleze. Nilikuwa na maneno, nilikuwa na chaki mkononi. Nikageuka nikaanza kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Nyuma yangu Zaina akautazama mguu wake kama ndiyo kwanza anauona.

"Huu?" akasema. "Umepumzika. Sogea nikae."

Nikasikia benchi likilia sakafuni. Walikuwa wanasogea.